Mngenibakizia Hata Nyasi Kidogo

Ngojeni kwanza, mchungaji ananiambia nisimame. Mchungaji, nimesimama! Urefu wangu ndiyo huu, Mungu udongo ulimwishia. Huko nyuma mnanisikia? Haya. Na nyie vijana mliojibanza pale dirishani, sogeeni, maana leo naongea na nyie pamoja na mama zenu.

Mimi shule niliishia kujua kuandika jina langu, kwa hiyo msitegemee maneno ya kwenye vitabu. Nitasema tu yaliyotokea nyumbani kwangu, hapa hapa Kituntu. Mengine mnayajua, mlikuwepo. Ya ndani hamyajui. Na watu sitawataja. Mjukuu wangu amenipa ruhusa asubuhi hii, amesema, "Bibi, sema yote, ila jina langu liache nyumbani." Nimeliacha. Nimelifungia bandani na kuku.

Sasa. Binti yangu mkubwa, mama yake huyo mtoto, ndoa ilimshinda akarudi kwangu na mtoto wake mmoja wa kike. Tukakaa sisi watatu. Tulikuwa tunagombana kila siku kuhusu chumvi kwenye maharage, na tunacheka kila siku. Mtoto akakua, akaenda shule ya bweni huko Kyerwa, akafika kidato cha nne. Mama yake akawa hana wimbo mwingine, ni mwanangu anamaliza, mwanangu anamaliza. Hata mbuzi wetu walikuwa wanajua.

Basi mwaka ule ule, mitihani imeanza, mama mtu akashikwa na homa. Tukasema malaria. Tukampeleka hospitali amekaa vizuri kabisa, ananiambia, "Mama usisahau kuanua kahawa, mvua inakuja." Kahawa nikaanua. Yeye hakurudi.

Nisubirini kidogo, nimeze mate.

Wazee wa ukoo wakakaa nje. Mimi nilikuwa chini sijiwezi, hakuna aliyeniuliza kitu. Mwanangu wa kiume, mjomba wake huyo mtoto, akaingia akachuchumaa karibu yangu. Akasema, "Mama, tumeamua mtoto asiambiwe mpaka amalize mitihani. Akiambiwa atafeli, na dada alitaka afaulu." Nami nikaona sawa, au sikuona, sijui. Ndugu zangu, hii ndiyo desturi yetu, tusidanganyane. Nani humu ndani aliwahi kufichwa msiba akiwa shule? Nyosheni mikono. Ona. Ona ilivyo mingi! Na mchungaji naye, waitu, jamani!

Tukazika. Tukakaa msiba. Nyie watoto wa siku hizi mna makochi na vigae, lakini msiba ukiingia kwetu, makochi yanatoka nje, nyasi zinaingia ndani. Tunazitandaza sebule nzima, tunakaa chini wote, mwenye gari na mwenye miguu. Tunalia, tunamsema marehemu, mabaya yake ya kuchekesha na mazuri yake. Jembe haligusi udongo. Halafu siku ya kumaliza, nyasi zinafagiwa zote, zinatupwa, kila mtu anashika jembe anaingia kibanjani, kwenye migomba yake. Hapo unajua, imeisha, tunaendelea kuishi. Na sisi tukafanya hivyo hivyo. Tukafagia.

Siku mtoto anarudi, mjomba wake akamfuata stendi Omurushaka na pikipiki. Mtoto ameshuka na sanduku lake, anachungulia huku na huku, anauliza, "Mjomba, mama yuko wapi? Alisema atakuja na ndizi za kuchoma." Mjomba mtu mzima, ana ndevu, akashindwa. Akamnunulia soda. Akamwambia, "Yuko nyumbani anakusubiri."

Mnasikia hilo neno? Anakusubiri.

Mimi nilikuwa uani namenya ndizi. Nikasikia pikipiki, halafu nikasikia sauti yake kuanzia kule kwenye migomba ya mwanzo, "Mamaaa! Nimemalizaaa!" Kisu kikanidondoka. Njia ya kuingia kwangu mnaijua, inapita pale pembeni ya kibanja, na kaburi liko pale pale, udongo bado mwekundu, maua yamekauka juu. Sauti ikakatika. Nikasubiri nisikie kilio. Ndugu zangu, nawaambia, nimesikia vilio vingi katika umri huu, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kile kilio ambacho hakikuja.

Akatokea uani na sanduku lake. Akaniamkia. "Shikamoo bibi." Sauti kavu kama ganda la kahawa. Akapita, akaingia chumba cha mama yake, akafunga mlango.

Watu wakaja kumpa pole, lakini pole yenyewe ya haraka, kwa sababu sisi tulishamaliza. Wamesimama mlangoni na majembe yao begani. "Jikaze, wewe ni mkubwa sasa." "Usilie, utamwumiza bibi yako." "Mungu amempenda zaidi." Na yeye anaitikia, asante, asante, kama anapokea chenji dukani.

Kuanzia hapo akaanza kupotea akiwa ndani ya nyumba. Mchana amelala, usiku macho. Alichukua simu ya mama yake, akawa anailaza sikioni, kuna sauti ya mama yake humo, alimrekodia shangazi mmoja wa mjini salamu, basi anasikiliza hiyo hiyo. Sauti ya marehemu inaongea nyumbani kwangu kutwa nzima, "Haya basi wasalimie wote," halafu inaanza tena. Chakula nikiweka, nakikuta na nzi. Kuoga hataki. Nywele zikawa kama kichaka cha Nyarubanja kule juu, samahani mjukuu wangu kama unanisikia, lakini ni kweli! Nikimfungulia dirisha, analifunga.

Mke wa mwanangu akasema karogwa na wenye wivu na masomo yake. Mjomba mtu akasema ni uvivu wa bweni. Akasimama mlangoni kwa mtoto akagonga kwa kiganja, "Wewe! Wenzako wako shambani! Unafikiri sisi hatukumpenda mama yako?" Akanigeukia mimi, "Mama, Ijumaa nampeleka kwa yule mtaalamu wa kule ng'ambo ya mto. Akitoka huko atakuwa sawa, au nitajua cha kufanya." Namjua mwanangu, akisema nitajua cha kufanya ujue hajui. Lakini Ijumaa ilikuwa inakuja kweli, na mimi yule mganga nawajua waliotoka kwake wamefungwa kamba.

Asubuhi moja kabla ya hiyo Ijumaa nikampelekea uji. Kwa Kinyambo tunavyosalimiana asubuhi mnajua, tunaulizana umelalaje. Nikamuuliza huku naweka kikombe chini, nimeshageuka niondoke. Akasema, polepole kabisa, "Bibi, mimi nikilala nisiamke, itakuwa vizuri tu."

Nikasimama.

Ningeweza kumkemea, "Toka na maneno hayo, shetani ushindwe!" Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini nilimwangalia usoni, nikaona huyu mtoto hanitishi. Ananipa habari, kama anavyosema mvua itanyesha. Hilo ndilo lililoniogopesha. Nikakaa sakafuni. Nikamwambia, "Nimekusikia. Sitoki hapa. Leo wewe na mimi tunakwenda Nyakahanga hospitali, na sikuachi mkono." Akasema, "Siumwi, bibi." Nikasema, "Basi nisindikize, mimi naumwa." Na sikudanganya.

Nikamwita jirani yangu, mama wa upande wa chini, akae naye mlangoni nikitafuta khanga. Tukapanda bodaboda mshikaki, dereva, mtoto katikati, na mimi nyuma nimemkumbatia, khanga inapeperuka kama bendera. Yule dereva akasema, "Bibi, unanibana mbavu." Nikamwambia, "Kijana, leo simwachii mtu." Njia nzima moyo wangu unapiga kwenye mgongo wa yule mtoto. Nahisi mifupa yake. Nikawa najiambia, huyu alikuwa na mashavu.

Kule tukapata nesi mmoja mwenye sauti ya chini. Akamwingiza mtoto peke yake, wakakaa muda mrefu mimi nikihesabu tu mabati ya paa. Kisha akaniita. Hakunigombeza. Akasema huzuni ikikaa ndani ya kijana bila njia ya kutoka, inageuka kuwa ugonjwa kama ugonjwa mwingine, siyo uchawi, siyo uvivu, na inatibika. Akasema atakuwa anaonana naye, turudi kila wiki. Asiachwe peke yake kwa sasa. Akirudia yale maneno, tusisubiri kesho, tuje siku hiyo hiyo. Halafu ndiyo akaanza vitu vidogo vidogo, mpaka nikadhani ananitania. Alale na kuamka muda ule ule. Ale hata kama ni vijiko tu. Aone jua la asubuhi. Aoge. Simu isilale naye kitandani. Atembee kidogo, na apate mtu wa kumsikiliza bila kumwambia jikaze. "Na mazoezi, bibi," akasema. Nikamwambia, "Mwanangu, wewe hujawahi kupanda kilima cha kwangu."

Nikauliza, "Dawa je?" Akasema kama itahitajika daktari atasema, lakini hivi vidogo ndivyo vinaanza, na vinataka kufanywa kila siku, hata siku ambayo hataki.

Tukatoka. Tukakaa chini ya ukuta wa hospitali tukisubiri usafiri. Mtoto anachora chora mchanga kwa kijiti. Mara akaniuliza, bila kuniangalia.

"Bibi, msiba wa mama mlikalia wapi?"

"Sebuleni."

"Kwenye nyasi?"

"Kwenye nyasi, mama. Kama kawaida."

"Ziko wapi?"

Nikasema, "Tulishafagia. Tulizitupa kule chini ya mwembe... hapana, kwenye migomba. Zimeshaoza."

Kijiti kikakatika mkononi mwake. Akasema, "Mngenibakizia hata nyasi kidogo."

Ndugu zangu. Nimezaa, nimezika, nimelima mpaka mgongo umepinda. Hakuna jembe lililowahi kunichimba kama lile neno. Sisi wote tulilia tukamaliza, tukashika majembe. Yeye alikuja akakuta nyumba imefagiwa. Mtu atainukaje msibani wakati hakukalishwa?

Tulipofika nyumbani sikuvua hata khanga. Nikachukua mundu. Jirani yangu akaniuliza, "Unakwenda wapi na jua hili?" Nikasema, "Kukata nyasi." Akaniangalia hivi, kama ugonjwa wa mjukuu umenipanda na mimi. Nikafunga mzigo, nikarudi nao kichwani, na hapo uani ndipo nikakutana na mwanangu.

"Mama, hizo za nini?"

"Natandaza sebuleni."

Rangi ikamtoka. "Mama! Msiba haurudiwi! Ukitandaza nyasi mara ya pili unaita kifo kingine ndani ya nyumba hii. Wazee watasemaje?"

Hilo mnalijua, ni mwiko, na mimi nimekua nao. Nikafikiri, je kama ni kweli? Kama nikitandaza ndiyo nampoteza? Nikamwambia, "Baba, kifo kingine kiko pale chumbani, kimeshakaa kitandani. Na wala sirudii. Sisi tulimaliza. Yeye ndiyo anaanza."

Akaziba njia. Mwanangu ana mwili, mnamjua. Nikampita kwa chini ya kwapa. Faida ya ufupi hiyo!

Nikatoa makochi nje mimi na jirani. Nikatandaza. Harufu ya nyasi mbichi ikaingia mpaka chumbani, na mlango ukafunguka. Mtoto akasimama pale, mguu mmoja ndani mmoja nje. Nikakaa chini, nikapigapiga nyasi pembeni yangu. "Njoo. Hujachelewa." Akaja. Akakaa. Akaminya zile nyasi kwa vidole, anaminya, anaminya. Mimi naomba Mungu kimoyomoyo, mlango uko wazi, hakuna mtu anakuja. Nani atakuja kwenye msiba uliokwisha? Nikafikiri watatupita tu njiani wakinong'ona.

Jirani yangu akavua ndala, akaingia, akakaa. Akaanza yeye, "Mama yako aliniibia mbegu ya maboga, unajua? Alikuja usoni kwangu na boga langu mwenyewe akaniambia, pokea zawadi." Mtoto akageuka. "Kweli?" "Haki ya Mungu!" Mwingine akaingia, ndoo ya maji bado kichwani. Akatua nje. Mwingine na chupa ya chai. Mnajijua humu ndani, nawaona, wewe wa kitenge cha njano ulikuja na mtoto mgongoni. Mkakaa chini, hakuna aliyeuliza kwa nini. Mkaanza kumsema binti yangu tena, upya, kana kwamba amefariki jana.

Na mwisho akaingia mjomba. Alikaa mbali, karibu na mlango, kichwa chini. Akasema, "Ni mimi niliyesema usiambiwe. Siku ile stendi, maneno yalikuwa mdomoni. Niliogopa uso wako." Na lijitu lile lizima likalia kama ndama.

Hapo ndipo mtoto alipofungua mdomo. "Mamaaa." Ile ile aliyoianzia kwenye migomba, ikaishia pale kwenye nyasi. Alilia mpaka jua likageuka. Hakuna aliyemwambia nyamaza. Mimi nimempakata kichwa na nywele zake zile, nikasema moyoni, asante Mungu, huyu yuko hai.

Tulikaa siku zake zote, kama inavyotakiwa. Siku ya kumaliza nikampa ufagio yeye mwenyewe. Akafagia kona zote. Nyasi nyingine akazibeba mwenyewe mpaka kaburini, akazitandaza pale juu. Kisha akashika jembe la mama yake tukaingia kibanjani. Hakulima sana, mistari michache tu. Ila alitoka nje, nawaambia, na jua likampiga usoni.

Sasa msidhani ndiyo tukaruka tukaimba. Kuna siku alirudi kitandani. Kuna siku tulirudi Nyakahanga mbio, yale maneno yalikuja tena, na nesi wetu akatupokea. Lakini vile vidogo tukavishika kama tunavyoshika ndama, kwa kamba. Asubuhi namfungulia dirisha, akifunga nafungua, mpaka akachoka yeye. Kikombe cha maziwa anakunywa ananikunjia uso. Anaoga. Simu inalala jikoni kwangu kwenye sufuria iliyotoboka, na sauti ya mama yake anasikiliza mara moja, jioni, tukiwa wote. Tunamenya ndizi pamoja, maana nimegundua kijana ukimkazia macho hasemi, lakini mikono ikiwa na kazi mdomo unajifungulia wenyewe. Rafiki yake wa shule anakuja kumsuka, wanacheka huko uani mambo yao nisiyoyaelewa, na mimi najifanya kiziwi nimesimama karibu kabisa. Mjomba anamchukua wanapanda naye kilima kuangalia ng'ombe, wanarudi wamechoka. Mtu aliyechoka na kilima analala, jamani! Yule mtaalamu wa ng'ambo mpaka leo anatusubiri.

Nashukuru. Jirani yangu wa chini, wewe uliyevua ndala wa kwanza, Mungu akupe maboga. Nesi wetu, hayupo hapa, nitampelekea mkungu. Dereva wa bodaboda niliyembana mbavu. Mwanangu, uliyelia mbele za watu, nimekupenda zaidi siku ile kuliko siku niliyokuzaa. Na nyie wote mliokaa chini mara ya pili bila kuogopa.

Wazazi wenzangu, mtoto aambiwe. Mitihani ipo mwaka mwingine. Na nyie vijana, ukiona usingizi umekukimbia, chakula hakipiti, mwambie mtu, hata kama ni bibi mwenye domo kama mimi. Haya mambo ya kula, kuoga, kutoka juani yanaonekana ya kitoto. Yafanyeni hivyo hivyo.

Na kimoja cha mwisho, mchungaji usiniangalie hivyo, namaliza. Ile salamu yetu. Sisi tunauliza mtu amelalaje huku tumeshampa kisogo. Kila asubuhi sasa namuuliza mjukuu wangu, halafu nasimama. Sijibiwi haraka, naendelea kusimama.

Basi leo alfajiri nimetoka nje kuwasha moto, nikamkuta ameniwahi, anachochea. Akaniuliza yeye, "Bibi, umelalaje?" Nikasema vizuri, nikapita kuchukua kuni. Nilipogeuka bado amesimama. Ananiangalia. Anasubiri.

Ndugu zangu, tangu nimzike binti yangu, hakuna mtu aliyewahi kusubiri.

Nikaweka kuni chini. Nikamwambia, "Sijalala, mjukuu wangu. Nilikuwa namsikia mama yako ananikumbusha kahawa." Akanivutia kigoda. Akasema, "Kaa, bibi. Niambie."